Dodoso la imani linapima nini hasa?

Mwaka 1997 wanasaikolojia wa Marekani Thomas Plante na Marcus Boccaccini walitoa dodoso la kauli kumi za kupima nguvu ya imani ya dini. Mhojiwa huchagua moja kati ya ngazi nne, tangu kukataa kabisa hadi kukubali kabisa, na jumla yake huangukia kati ya 10 na 40. Majibu ya kauli hizo huwiana sana, na wengi wakishauona uwiano huo husema dodoso limethibitishwa. Bado. Uwiano unaonyesha kwamba kauli zote zinagusa kitu kimoja, hauonyeshi kwamba kitu hicho ni imani. Huenda ni mazoea, au ni haya ya kumwambia mtafiti kwamba mtu hasali. Mizani inayozidisha robo kilo haigeugei hata siku moja, na mteja hupunjwa vilevile.

Ushahidi wa uhalali, yaani kwamba dodoso linapima kile linachodai kupima, hutafutwa nje ya dodoso lenyewe. Watafiti Gordon Allport na Michael Ross walifanya hivyo mwaka 1967 kwa waumini 309 wa madhehebu sita ya Kikristo. Tafiti za awali zilikuwa zimeonyesha jambo la kukera: wahudhuriaji wa kanisa Marekani, kwa wastani, waliwabagua zaidi watu wa rangi na dini nyingine kuliko wasiohudhuria. Allport alishuku kwamba wastani huo unachanganya watu wa aina mbili, anayeiishi dini yake na anayeitumia kupata faraja, hadhi au marafiki. Kama tofauti hiyo ni ya kweli, ilipaswa kujitokeza kwenye ubaguzi, ambao kauli zao za kutenganisha pande hizo mbili hazikuuliza. Ikajitokeza: wanaoitumia dini walibagua zaidi. Ila lililo zito zaidi, kwa maoni yangu, ni kundi la tatu, la waliokubali kauli za pande zote mbili hata zilipopingana. Hao ndio waliobagua kuliko wote. Katika dodoso la Plante na Boccaccini, ambalo kauli zake zote zinaelekea upande mmoja, mtu wa kuitikia kila kitu angepata 40 na kuitwa muumini thabiti.

Atasema mtu kwamba ya moyoni anayajua Mungu peke yake. Sawa, lakini dodoso halimhukumu mtu, linalinganisha majibu ya wengi. Pingamizi kwamba watu hujipamba lina nguvu zaidi: mwaka 1993 watafiti Hadaway, Marler na Chaves walihesabu watu makanisani Marekani wakakuta wanakaribia nusu tu ya waliodai kuhudhuria. Ndiyo maana maneno ya mhojiwa yanahitaji kupimwa kwa matendo. Gumu kuliko yote ni kulihamishia dodoso kwenye dini au utamaduni mwingine. Kauli inayomhesabu anayefuata wenzake kanisani kuwa na dini ya juujuu itamwonea Mwislamu, ambaye kwake kuswali jamaa, yaani pamoja na wenzake, ni sehemu ya ibada yenyewe. Anayelileta dodoso kama hilo Mombasa au Ujiji aanze kwa kukaa na waumini, wamweleze kila kauli wameielewaje, kabla ya kugusa hesabu yoyote.