Haki ya Aliye Chini ya Mto



Katika Hadithi sahihi kimepokewa kisa cha ugomvi wa maji mjini Madina. Az-Zubayr bin al-Awwam, radhi za Allah zimshukie, alizozana na Ansari mmoja juu ya mfereji unaonywesha mitende yao. Shamba la Zubayr lilikuwa la juu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwelekeza anyweshe kwanza, kisha ayaachie maji yaende kwa jirani yake. Wanazuoni wakatoa humo kanuni: wa juu hutangulia, lakini haki yake ina kikomo, na kikomo hicho ni haki ya wa chini.

Kanuni hiyo yatuhusu sisi watu wa Pwani. Mto Tana, wenye urefu wa takriban kilomita 1,000, huanzia Aberdare na Mlima Kenya, ukaishia baharini Kipini. Kabla ya kufika huko hutawanyika na kufanya delta, ardhi oevu ambayo mwaka 2012 iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa na umuhimu wa kimataifa.

Uhai wa delta ni mafuriko ya masika na vuli. Maji yakijaa kwa kiasi kisha yakatoka, Wapokomo hupanda mpunga, maziwa madogo hupata samaki, na nyasi huota za kuwafaa ng'ombe wa Waorma wakati wa kiangazi. Mto ukidhoofika, maji ya bahari hupanda, na mpunga wa Ozi huungua kwa chumvi. Hapo mkulima na mfugaji hubanana penye maji machache. Twakumbuka mapigano ya mwaka 2012 hadi mwanzoni mwa 2013, yaliyoua watu zaidi ya 100. Siasa na umiliki wa ardhi vilichangia, lakini dhiki ya maji na malisho ilikuwamo.

Basi dawa iko wapi? Sehemu yake iko mlimani. Mteremko ukilimwa bila matuta, mvua huporomoka na udongo. Maji hayapenyi ardhini, na chemchemi za kulisha mto wakati wa kiangazi hufifia. Udongo mwingi huishia katika bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, ukapunguza nafasi ya maji. Mkulima amepoteza rutuba, bwawa limejaa tope, na delta haikufaidi kitu. Matuta, mabingobingo yaliyopandwa kuyashika, miti ya kingoni na vidimbwi vya kuvunia mvua huyazuia maji yaingie ardhini na kutoka polepole.

Mwaka 2015 ulizinduliwa Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, chini ya uongozi wa shirika la The Nature Conservancy pamoja na washirika wake. Watumiaji wa maji wa chini, zikiwemo kampuni za maji na za umeme, huchangia gharama, na wakulima wa juu husaidiwa kuhifadhi mashamba yao. Ni muamala mwema. Lakini "wa chini" hao wako Nairobi na kwenye mitambo ya umeme. Chini yao yuko mwenye mpunga wa Ozi, ambaye naye ni jirani mwenye haki.

Kwa hiyo tusidai matuta peke yake. Tudai pia mabwawa yafunguliwe kwa majira na kwa kipimo, ili mafuriko ya wastani yafike delta. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inatambua jumuiya za watumiaji wa rasilimali za maji, na Katiba yetu imetupa haki ya kushirikishwa. Mikutano hiyo ikiitishwa, wazee, kina mama na vijana wetu wahudhurie na waseme. Nasi tusikate mikoko wala kulima hadi ukingoni, kwani adai haki ni yule aitekelezaye.

Wabillahi tawfiq.