Kura Tatu za Oktoba 2015: Bukoba na Muleba

Tarehe 25 Oktoba 2015 mpiga kura wa kwetu Kagera alipewa karatasi tatu: ya Rais, ya mbunge na ya diwani. Wapo wanaotuuliza hadi leo: Bukoba Mjini ilimchagua Wilfred Lwakatare wa CHADEMA, mbona Ikulu akaingia John Magufuli wa CCM? Je, kura zilipotea?

Hazikupotea. Kura ya ubunge huishia jimboni. Ndiyo maana jirani zetu wa Muleba Kusini walimrudisha Anna Tibaijuka wa CCM. Kura za Rais hujumlishwa nchi nzima, Bara na Visiwani. Magufuli, aliyepata kusoma Seminari ya Katoke, Biharamulo, alipata asilimia 58.46, Edward Lowassa 39.97.

Tofauti nyingine ni nzito zaidi. Matokeo ya ubunge yanaweza kupingwa Mahakama Kuu. Rais akishatangazwa na Tume, Ibara ya 41(7) ya Katiba inasema hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake.

Basi, ndugu msomaji, kura ya Rais hulindwa mapema: kituoni, mawakala wakiwa macho wakati wa kuhesabu. Baada ya kutangazwa, tumechelewa.