Jinsi ya kupunguza gharama ya malazi katika safari ya gari-nyumba

BEI ya mafuta ndiyo huwashughulisha wengi wanaopanga kuizunguka Marekani kwa gari-nyumba, yaani gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani yake. Aghalabu husahau gharama nyingine isiyopumzika: mahali pa kuliegesha gari hilo usiku.

Kambi nyingi za kibinafsi hutoza kati ya dola 40 na 80 kwa usiku. Anayelipa dola 50 kila usiku kwa siku 90 hutumia dola 4,500, ambazo ni zaidi ya Sh500,000. Kwa wastaafu, na kwa wale waliohamia garini baada ya kushindwa na kodi ya nyumba, kiasi hicho ndicho huamua iwapo safari itaendelea au itakatika.

La kuzingatia kwanza ni kwamba kambi ya kulipia haiuzi nafasi ya kuegesha pekee. Huuza pia umeme, maji na bomba la maji taka. Mwenye matangi yaliyojaa maji, betri nzuri na paneli za sola huwa amejitosheleza kwa siku kadhaa. Hivyo basi, anaweza kulala bure usiku nne au tano, kisha akalipia mmoja ili ajaze maji, amwage maji taka na kufua nguo.

Mahali pa bure pako kwa wingi magharibi mwa nchi hiyo. Idara ya Usimamizi wa Ardhi (BLM) husimamia takriban ekari milioni 245, nyingi zikiwa katika majimbo kama vile Nevada, Utah na Arizona. Kwa kawaida msafiri huruhusiwa kukaa siku 14 katika kipindi cha siku 28, kisha sharti ahame. Misitu mingi ya kitaifa ina utaratibu unaokaribiana na huo, ingawa kila eneo huwa na masharti yake.

Mashariki, ambako ardhi ya umma ni chache, mbinu ni tofauti. Baadhi ya maduka makubwa, yakiwemo ya Walmart, huruhusu magari kulala katika maegesho yao. Hata hivyo, ruhusa hutegemea meneja wa duka na sheria za mji husika, hivyo ni lazima kuomba kabla ya kuzima injini. Adabu pia hudai mgeni asitandaze viti nje na aondoke mapema asubuhi.

Wasio na haraka hunufaika kwa kulipia wiki au mwezi mzima, kwani wastani wa kila usiku hushuka, japo umeme huenda ukalipiwa kando. Wengine hujitolea kuwa waangalizi wa kambi katika mbuga na misitu. Hupokea wageni na kufanya usafi, nao hupewa nafasi ya kuegesha bila malipo.

Kadi za punguzo nazo zataka uangalifu. Kadi ya mwaka ya mbuga za kitaifa hulipia kiingilio, wala haipunguzi ada ya kambi. Kadi ya wazee wa miaka 62 na zaidi, ambayo tangu 2017 imekuwa ikiuzwa dola 80 kwa maisha yote, huwapunguzia nusu ya ada katika kambi nyingi za serikali kuu. Lakini hutolewa kwa raia na wakazi wa kudumu pekee.

Isitoshe, si kila cha bure ni rahisi. Gari linalokwenda maili nane kwa galani moja likifuata kambi ya bure iliyo maili 40 kando ya njia, litateketeza galani 10 kwenda na kurudi. Galani ikiuzwa dola 3.50, msafiri atakuwa ametumia dola 35 ili kuokoa 50. Akikaa huko siku 10 atafaidi. Akilala usiku mmoja, hajapata kitu cha maana.

Kadhalika, kumwaga maji taka ovyo au kulala palipokatazwa huleta faini inayoweza kumeza akiba ya wiki nzima. Mnamo Juni 2024, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika kesi ya mji wa Grants Pass, Oregon, kwamba miji inaweza kuwaadhibu wanaopiga kambi katika maeneo ya umma.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Anayeandika kila jioni alichotumia kwa maegesho na kwa mafuta ataona mapema ni usiku upi uliomfaa na ni upi uliomla.