Ukiletewa Hati ya Wito, Usiikimbie

Tuseme jirani yako anadai kwamba nyumba unayokaa ni yake. Mmezungumza, hamkuelewana. Hapa Tanzania Bara, kwanza mtapita kwenye Baraza la Kata. Tangu mwaka 2021 kazi ya baraza hilo ni kupatanisha tu. Halitoi tena hukumu. Upatanisho ukishindikana, jirani anaweza kufungua kesi katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Hapo utaletewa hati ya wito. Hiyo ni karatasi ya kukuita barazani. Watu wengine wakiiona wanasema, "Mimi sisaini kitu! Nikisaini nimetoa nyumba yangu." Sivyo hata kidogo. Sahihi yako inasema neno moja tu: nimeipokea. Haisemi kwamba umekubali madai.

Je, ukikataa kuipokea? Mpeleka hati anaweza kuibandika mlangoni pako. Kisha ataandika taarifa: siku gani, saa ngapi, nani alimwonyesha nyumba na nani alishuhudia. Usipofika barazani bila sababu ya maana, kesi inaweza kusikilizwa upande mmoja. Utapoteza nyumba nawe uko shambani unapalilia!

Basi, ukiletewa hati, fanya hivi:

1. Isome yote. Tazama majina, namba ya kesi, tarehe na mahali pa kufika.
2. Tia sahihi, na uandike tarehe uliyoipokea.
3. Tunza nakala yako vizuri.
4. Jibu madai kwa maandishi katika muda uliotajwa, na ufike siku ya kesi.

Na wewe unayedai, una wajibu pia. Usimtume mtoto akatupe karatasi uani kwa mwenzako. Hati apewe mdaiwa mwenyewe, mkononi. Asipopatikana, inaweza kupokelewa na mtu mzima wa familia yake anayekaa naye. Rudisha barazani nakala yenye sahihi, maana ndiyo ushahidi. Bila ushahidi huo, kesi itaahirishwa, au hukumu uliyopata inaweza kufutwa. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 13, inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu.

Na kama umehukumiwa bila kuletewa wito wowote? Usikae kibarazani ukinung'unika. Nenda barazani upesi, ueleze sababu, uombe uamuzi huo uondolewe ili nawe usikilizwe. Muda wa kuomba ni siku 30 tu. Siku hazimngoji mtu.

Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Karatasi isikutishe tena. Isome kwanza.

Maswali ya kujadili kikundini:

1. Kutia sahihi hati ya wito kuna maana gani?
2. Mdaiwa akikataa hati, kesi inasimama?
3. Kwa nini mdai atunze nakala yenye sahihi?