Harry Burleigh, Mtunzi wa Nyimbo wa Marekani

Twapenda kuwaeleza habari za Harry Burleigh, mtunzi wa nyimbo aliyezaliwa mjini Erie, katika nchi ya Marekani, mwaka 1866, akafariki mwaka 1949.

Babu yake mzaa mama alikuwa mtumwa, hata akajikomboa. Macho yake yalikuwa karibu kupofuka kabisa, na kazi yake mjini ilikuwa kuwasha taa za njiani. Ndiye aliyemfundisha mjukuu wake nyimbo za watumwa.

Mwaka 1892 Burleigh alikwenda New York kusoma muziki. Mkuu wa chuo, Antonín Dvořák, mtunzi mashuhuri wa Ulaya, alipenda sana kumsikia akiziimba nyimbo hizo. Na mwaka 1893 akatangaza kwamba muziki wa Marekani wafaa kujengwa juu yake. Mwaka 1894 Burleigh alitaka kazi ya kuimba katika kanisa la Mt. George. Baadhi ya waumini walikataa, kwa kuwa alikuwa mtu mweusi. Lakini alichaguliwa, akaimba humo miaka 52.

Sasa natueleze kazi yake. Uko wimbo unaoimbwa na mtu mmoja pamoja na kinanda cha piano. Mtunzi hutwaa shairi, akalitilia sauti, kisha huandika kwa alama sauti zote za mwimbaji na za kinanda. Kinanda hakimfuati mwimbaji tu, bali nacho chaeleza maana: shairi likitaja mto, kinanda chaweza kutiririka kama maji. Burleigh alitunga nyimbo nyingi za namna hii.

Nyimbo za watumwa zilikuwa zikiimbwa na makundi ya waimbaji, na watu wengine weusi waliona haya kuziimba, maana ziliwakumbusha utumwa. Burleigh akazitengeneza ziimbwe na mtu mmoja kwa piano, kwa ustadi ule ule wa nyimbo za wataalamu. Wimbo wake uitwao Deep River ulienea sana miaka ya 1916 na 1917, ukaimbwa na waimbaji wakubwa, weupe kwa weusi. Tangu hapo nyimbo hizo zikaketi pamoja na nyimbo za watunzi wa Ulaya katika majumba makubwa ya muziki.

 Basi mzee yule aliacha nyimbo, na mjukuu hakuzidharau.