Dubai kwa mtaji mdogo: bei ya dukani si gharama ya mzigo

Mfanyabiashara mdogo wa Afrika Mashariki anayekwenda Dubai na dola elfu moja au mbili hana nafasi ya kukosea hesabu. Bei za jumla katika maduka ya Deira huvutia, lakini faida ya safari huamuliwa na gharama zisizoandikwa kwenye risiti ya muuzaji.

Ya kwanza ni ubadilishaji wa fedha. Tangu 1997 dirham imefungwa kwenye dola kwa kiwango cha 3.6725. Hivyo dola 1,000 ni dirham 3,672.50. Anayekubali kiwango cha 3.60 hupata 3,600, dirham 72.50 zimekwenda kabla hajanunua hata soksi. Zungukia maduka mawili matatu ya fedha na uulize utapewa kiasi gani mkononi baada ya ada.

Ya pili ni kodi. Tangu Januari 1, 2018 Falme za Kiarabu hutoza VAT ya asilimia 5. Mtalii hurudishiwa sehemu ya kodi hiyo iwapo amenunua bidhaa za dirham 250 au zaidi katika duka lililomo kwenye mpango huo, na anaondoka nazo mwenyewe. Mzigo unaotumwa kwa wakala wa kago haumo. Uliza kabla ya kulipa.

Ya tatu, inayowaumiza wengi, ni usafirishaji. Mashirika ya ndege hutoza uzito halisi au uzito wa ujazo, ule ulio mkubwa. Kanuni inayotumika sana ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, kugawanya kwa 6,000. Katoni ya sentimita 60 kwa 50 kwa 40 huhesabiwa kilo 20, hata kama viatu vilivyomo vina kilo 12. Ndiyo maana wenye uzoefu huviacha viboksi vya viatu huko huko na kufunga mzigo kwa kubana.

Ya nne ni forodha. Kwa bidhaa za ushuru wa asilimia 25, mzigo wenye thamani ya dola 1,000 pamoja na nauli na bima hulipiwa ushuru wa dola 250. Kwa Tanzania Bara, VAT ya asilimia 18 hukokotolewa juu ya 1,250, yaani dola 225. Mzigo umefika dola 1,475, bila tozo nyingine wala malipo ya wakala.

Kwa hiyo, anayepanga bei ya kuuzia kwa kutazama risiti ya Deira peke yake anaweza kumaliza mzigo wote akidhani amepata, kumbe amekula mtaji. Gawanya jumla ya gharama, nauli yako na malazi yakiwemo, kwa idadi ya bidhaa. Hapo ndipo upange bei, au uiache bidhaa hiyo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.