Kununua Nyumba Ukiwa Mbali: Ukaguzi wa Nyumba Babati kwa Mizani ya Fiqhi



Ndugu Waislamu, katika visiwa vyetu ni familia chache ambazo hazina mtu wao Bara. Kijana ameajiriwa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, au binti ameolewa huko na mumewe anafanya biashara njia panda ya Arusha, Dodoma na Singida. Siku moja inaingia video kwenye simu: nyumba ya vyumba vitatu, rangi mpya, bei nzuri, na dalali anasema kuna mteja mwingine anakuja kesho. Wazee wa Wete au Mkunazini wanachangishana, fedha zinatumwa. Masika yakiingia ndipo inajulikana kwamba rangi ile ilikuwa imeziba nyufa.

Makala hii inaeleza mambo mawili: sheria ya dini yetu inasema nini juu ya kukagua nyumba kabla ya kuinunua, na mtu aangalie nini akifika Babati.

Kuona ni sharti, si hiari

Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amekataza biashara yenye gharar, yaani ile ambayo mtu hajui anachopata. Kwa msingi huo, kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi'iy, ambayo ndiyo wengi wetu visiwani tunayafuata, ni kwamba kuuza kitu mahsusi ambacho mmoja wa wauzianaji hajakiona hakusihi. Mahanafi wamejuzisha, na mnunuzi akawa na khiyari pindi atakapokiona. Wamaliki wamejuzisha kwa sifa iliyoelezwa vyema.

Wanazuoni wa Kishaafi'iy hawakuishia kusema "aione nyumba" tu. Wameeleza kuwa kuona nyumba ni kuona vyumba vyake, dari, mapaa, kuta, sehemu ya kuogea na shimo la maji machafu. Aliyesimama barabarani akaona ukuta wa mbele hajaiona nyumba, na video ya dakika mbili, iliyochukuliwa na mtu anayetaka kuuza, huonyesha anachotaka yeye kionekane.

Basi afanye nini aliye Pemba? Aweke wakili. Wakili akienda mwenyewe, akaona, kisha akafunga mkataba kwa niaba yake, kuona kwake kunatosha. Lakini wakili ni mwenye kuaminiwa. Si halali kwake kupokea kwa siri bahashishi ya muuzaji, na asiwe dalali yule yule anayelipwa nyumba ikiuzika.

Muuzaji naye ana wajibu

Imepokelewa na Muslim kwamba Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alipita sokoni penye lundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akajitetea kwamba kimenyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini hakukiweka juu watu wakione, na hapo likatajwa onyo kali kwa mwenye kughushi. Nyumba iliyopigwa plasta juu ya ufa haina tofauti na lundo lile: juu pakavu, ndani pamerowa.

Anayejua kwamba maji huingia sebuleni kila masika, au kwamba shimo la choo limejaa, au kwamba kuna kesi ya mpaka, ni wajibu wake kusema hata kama hakuulizwa. Na wale wanaoandika kwenye mkataba "nyumba inauzwa kama ilivyo, muuzaji hahusiki na kasoro yoyote" wajue kwamba kwa kauli yenye nguvu ya Kishaafi'iy sharti hilo halimwondolei muuzaji wa nyumba dhima. Msamaha walioukubali unahusu kasoro ya ndani ya mnyama ambayo muuzaji mwenyewe hakuijua.

Babati ina mambo yake

Mji umekaa kando ya Ziwa Babati, ndani ya Bonde la Ufa. Ziwa hilo limewahi kufurika maji yakaingia mjini, kama ilivyotokea mwaka 1990. Na wengi tunakumbuka tarehe 3 Disemba 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang' yalipoteremka Katesh, katika mkoa huo huo, na watu zaidi ya 80 wakafariki. Allaah Awarehemu. Kwa hiyo swali la kwanza ni maji yanatoka wapi na yanapita wapi mvua ikinyesha. Muulize jirani, si muuzaji. Angalia alama za maji chini ya kuta za nyumba za pembeni, kwani huenda zile hazikupakwa rangi mpya. Ikiwezekana iangalie nyumba wakati wa mvua.

Pili, ardhi na msingi. Penye udongo mweusi wa mfinyanzi, ardhi huvimba ikilowa na hunywea ikikauka, na nyumba hupasuka. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta ni jambo la kawaida. Ufa unaopanda kwa mshazari kutoka kona ya dirisha, unaoingia kidole, au unaoonekana ndani na nje mahali pamoja, unahitaji fundi mwashi mzoefu au mhandisi autazame. Mlango unaokwama au usiofunga sawasawa ni dalili nyingine.

Tatu, panda darini. Tazama kenchi kama zimeliwa na mchwa, gonga mbao, angalia mabati kama yana kutu au matundu ya misumari yanayopitisha mwanga. Madoa ya rangi ya chai kwenye dari maana yake paa linavuja.

Nne, maji ya kunywa. Kaskazini mwa Tanzania, Manyara ikiwemo, yapo maeneo ambayo maji ya ardhini yana madini ya floridi kwa wingi, na watoto wanaoyanywa kwa miaka meno yao hubadilika rangi, na yakizidi sana hudhuru mifupa. Nyumba ikitegemea kisima, maji yapimwe. Ikiwa ina bomba la mamlaka ya maji, omba kuona bili ya mwisho uone kama kuna deni.

Tano, umeme. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU. Nunua umeme kidogo kwenye mita ile mbele ya mwenye nyumba, uone kama kuna deni lililolimbikizwa. Mwite fundi umeme aangalie nyaya na waya wa ardhini.

Kukagua karatasi ni sehemu ya kukagua nyumba

Nyumba yaweza kuwa imara na bado ikawa si ya muuzaji. Kama kiwanja kimepimwa, omba nakala ya hati na ufanye upekuzi katika ofisi ya ardhi ya mkoa, ujue jina lililosajiliwa na kama nyumba imewekwa rehani. Iliyowekwa rehani haiuzwi bila idhini ya anayeishikilia, kisheria na kifiqhi. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi mzuri wa nani anaishi wapi na mipaka ni ipi, ila yeye si ofisi ya hati.

Uliza pia umbali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande. Nyumba iliyopigwa alama ya X kisha ikafutwa kwa rangi ni hasara inayongoja siku yake.

Kama nyumba ni ya marehemu, muuzaji awe na barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, na warithi wote wajulikane, wakiwemo mabinti walioolewa mbali. Fungu la yatima au dada aliyefichwa haliwi halali yako kwa sababu umelipa. Kama muuzaji ana mke, fahamu kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara na si Zanzibar, inazuia nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenza wa ndoa. Wengi wetu hatulijui hilo.

Jipe siku tatu

Dalali akikuharakisha, ipo njia ya kisheria: khiyari ya sharti. Mnakubaliana kwamba mnunuzi ana haki ya kuvunja mauzo ndani ya muda maalumu, na kwa Mashaafi'iy mwisho wake ni siku tatu. Siku hizo zinatosha kuleta mafundi. Ama fedha ya arubuni ambayo muuzaji huila ikiwa mnunuzi hakurudi, jumhuri ya wanazuoni wameikataza, na Mahanbali wameijuzisha. Aliye salama ni yule anayeandika kuwa itarudishwa.

Na ikiwa kasoro ya zamani imegundulika baada ya kununua? Mnunuzi ana haki ya kuirudisha nyumba na kuchukua fedha zake zote, lakini kwa Mashaafi'iy ni lazima afanye haraka pale anapojua. Akiendelea kuitumia kwa hiari yake huku anajua, haki imeanguka. Wala hana haki ya kubaki nayo huku akimlazimisha muuzaji apunguze bei, maadamu kurudisha kunawezekana. Akiwa ameshabomoa ukuta au kubadilisha vyumba, mas-ala yanakuwa mazito zaidi na hurejea kwenye fidia. Ndiyo maana bei hujadiliwa baada ya ukaguzi na kabla ya mkataba.

Gharama ya nauli ya wakili na ujira wa mafundi wawili ni ndogo mno ukilinganisha na akiba ya familia nzima. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ametufundisha kwamba wauzianaji wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo, baraka hiyo hufutwa. Nyumba ni mahali tutakaposwali na kulea watoto, basi tuiingie kwa njia iliyo safi.

Wa Allaahu a'lam.